Maswali na Majibu: Fundi Afanyie Kazi Kimo Gani?

Toleo hili tunajibu barua za mafundi na wasimamizi wao kuhusu kimo kinachofaa wakati wa kukagua, kufungua na kutengeneza mitambo. Barua tumezifupisha bila kubadili hoja za waandishi wake.

Swali: Mpendwa Mhariri, nasimamia karakana inayohudumia pampu, mota na vidhibiti vyake vya kielektroniki. Meza zetu zote zina kimo cha sentimita 90, kwa sababu ndivyo tulivyozikuta. Mafundi wanaofungua pampu wanalalamikia mabega, na wale wanaolehemu vijenzi vidogo kwenye bodi za umeme wanalalamikia shingo na mgongo. Mshauri mmoja ameniambia nizipandishe meza, na mwingine ameniambia nizishushe. Nimsikilize nani? — Msimamizi wa karakana

Jibu: Ndugu Msimamizi, wasikilize wote wawili, kila mmoja kwa kundi lake la mafundi, kwa maana ukifuata ushauri wa mmoja peke yake utawapa nafuu hawa na kuwaongezea maumivu wale. Kosa liko katika kupima meza. Kimo kinachogusa mwili wa fundi ni kile ambacho mikono yake inashika kazi, na hicho hutokana na meza pamoja na unene wa kifaa kilichowekwa juu yake, pamoja na kishikizo kama kipo.

Kipimo cha kuanzia ni kiwiko. Fundi asimame wima akiwa amevaa viatu vyake vya kazi, mkono wa juu uning'inie ubavuni bila kukazwa, akunje kigasha mpaka kiwe sambamba na sakafu, kisha mwenzake apime kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko. Usimpime akiwa peku, kwa sababu soli peke yake huongeza sentimita 2 au 3. Kwa watu wazima wengi kipimo hicho huangukia kati ya sentimita 95 na 115, na wanaume kwa wastani huwa juu ya wanawake kwa sentimita kadhaa, lakini wastani wa watu wengine usikushughulishe sana ikiwa mafundi wako unaweza kuwapima mwenyewe asubuhi moja.

Ukishakijua kiwiko, aina ya kazi ndiyo inayoamua mikono ikae juu yake au chini yake. Kazi ya uangalifu mkubwa wa macho, kama kulehemu kijenzi kidogo, hufaa ifanyike sentimita 5 hadi 10 juu ya kiwiko. Kazi nyepesi ya mikono, kama kubadilisha kichujio au kuunganisha nyaya, hufaa sentimita 5 hadi 10 chini yake. Kazi ya nguvu, ambayo fundi anahitaji kulalia spana kwa uzito wa mwili, hushuka hadi sentimita 20 na pengine 40 chini ya kiwiko.

Sasa tuhesabu kwa karakana yako. Chukua fundi ambaye kiwiko chake kiko sentimita 108 kutoka sakafuni. Pampu yenye kimo cha sentimita 30, ambayo bolti zake ziko kwenye kifuniko cha juu, ikiwekwa kwenye meza ya sentimita 90 hupeleka mikono yake hadi sentimita 120, yaani 12 juu ya kiwiko, ilhali kwa kazi ya nguvu angestahili kuwa kwenye 88 au chini ya hapo. Analazimika kupandisha mabega na kuvuta spana kwa misuli midogo ya bega badala ya kuisukuma kwa uzito wa mwili. Mwenzake mwenye kimo hicho hicho anaweka bodi kwenye kishikizo cha sentimita 8, na mikono yake inafika 98, yaani 10 chini ya kiwiko. Kwa mikono hapo si mbali sana. Kwa macho ni mbali mno. Macho yake yako takribani sentimita 160 kutoka sakafuni, hivyo kijenzi kiko zaidi ya nusu mita chini ya uso wake. Atainama akifuate, na atabaki ameinama mpaka kazi iishe.

Fundi wa pampu, basi, anahitaji meza ya sentimita 58, na wa bodi anahitaji ya sentimita 105. Tofauti ni karibu nusu mita, na hakuna kimo cha katikati kitakachowaridhisha wote wawili. Zigawe meza zako. Baadhi zikatwe miguu na ziimarishwe, na baadhi ziinuliwe kwa vipande vya chuma vilivyofungwa kwa bolti. Matofali yaliyolundikwa chini ya mguu wa meza hayafai hata kwa siku moja. Meza ya juu ipewe pia mahali pa kuegemeza vigasha, kwa sababu mikono iliyoinuliwa juu ya kiwiko bila egemeo huyahamishia mabega mzigo ulioondolewa shingoni. Na kabla ya kuinua meza ya bodi hadi mwisho, jaribu kuiinamisha bodi yenyewe imwelekee fundi, kisha weka taa yenye kioo cha kukuzia. Mara nyingi hatua hizo mbili huinyoosha shingo bila mikono kupanda sana, na kwa maoni yangu ndizo za kujaribiwa mwanzo.

Inafaa pia kueleza kwa nini sentimita chache huleta maumivu makubwa hivyo. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 na nusu hadi 5 na nusu. Kikiwa juu ya mabega, mifupa ya shingo ndiyo inayokibeba. Kikiinamishwa mbele, misuli ya kisogo inalazimika kukishikilia muda wote. Hali ni hiyo hiyo kiunoni, ila kwa ukali zaidi, kwa kuwa misuli inayonyoosha mgongo hupita takribani sentimita 5 tu nyuma ya kitovu cha pingili za uti wa mgongo, ilhali uzito wa kiwiliwili kilichoinama, pamoja na spana na kifaa, unaning'inia mbele kwa umbali unaouzidi huo mara kadhaa. Wenzo mfupi unapambana na wenzo mrefu, na tofauti hiyo inabebwa na misuli na visahani vilivyo kati ya pingili. Tena msuli uliokazwa bila kusogea hubana mishipa yake wenyewe ya damu, ukachoka upesi kuliko msuli unaokaza na kulegea. Ndiyo maana fundi anaweza kubeba mizigo mizito nusu saa bila kulalamika, kisha akaumwa kwa kuinamia bodi ndogo kwa muda huo huo.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 11226 kuhusu mikao isiyosogea kinakubali kiwiliwili kuinama mbele hadi nyuzi 20. Kati ya nyuzi 20 na 60 kinaangalia muda ambao mtu anakaa hivyo, na zaidi ya 60 hakikubali. Mpige fundi picha kutoka ubavuni akiwa kazini, chora mstari kutoka nyonga hadi bega, na utaona mwenyewe yuko wapi. Fanya hivyo kabla ya kubadilisha meza na baada ya kuibadilisha.

Kwa jumla, mabega yakiuma shuku kwamba kazi iko juu mno, na kiuno na kisogo vikiuma shuku kwamba iko chini mno. Hiyo ni njia ya kuchunguza meza tu. Fundi mwenye ganzi mikononi, au maumivu yasiyopungua baada ya mapumziko, ampate daktari.

Swali: Mafundi watatu tunatumia meza moja kwa zamu. Mmoja wetu ni mrefu sana, mimi ni mfupi, na meza haipandi wala haishuki. Tuiweke kwa kimo cha nani? — Fundi wa zamu ya usiku

Jibu: Iwekeni kwa kimo cha mrefu, kisha wafupi wainuliwe. Mtu mrefu kwenye meza ya mfupi hana njia nyingine ila kuinama au kutanua miguu, lakini mfupi kwenye meza ya mrefu anaweza kusimama juu ya jukwaa. Ikiwa kiwiko cha mwenzako kiko sentimita 115 na chako 95, jukwaa lako litakuwa la sentimita 20. Liwe pana vya kutosha ili upige hatua kwenda kushoto na kulia bila kutazama chini, uso wake usiteleze, na ukingo wake upakwe rangi inayoonekana. Jukwaa jembamba, ambalo fundi anasimama bila kuthubutu kusogeza mguu, ni hatari kuliko meza iliyo juu.

Hata hivyo, ikiwa vifaa mnavyohudumia ni vyepesi, fanyeni kinyume: wekeni meza kwa kimo cha mfupi na muwe na visanduku imara vya kuinulia kifaa anapoingia mrefu. Kuinua kifaa cha kilo 3 ni rahisi kuliko kumpandisha mtu jukwaani na kumshusha siku nzima. Kwa kifaa kizito, rudini kwenye jukwaa.

Kuna jambo dogo ambalo watu hulisahau. Acheni nafasi ya sentimita 10 hadi 15 chini ya meza, usawa wa sakafu, ili ncha za viatu ziingie. Mtu asiyeweza kuingiza miguu husimama mbali na kazi yake, naye ataifuata kwa kuinama hata kama kimo cha meza ni sahihi kabisa.

Swali: Ninahudumia kabati za seva. Nyingine seva iko karibu na sakafu, nyingine juu ya kichwa changu. Siwezi kuzisogeza kabati, na viwiko vyangu haviwezi kupanda na kushuka. Kanuni ya kiwiko inanisaidia nini? — Fundi wa kompyuta

Jibu: Inakusaidia siku ya kupanga kabati, kabla ya kufikia siku ya kutengeneza. Kabati la kawaida lina nafasi 42, kila moja ikiwa na kimo cha milimita 44.45, na hivyo eneo la kufungia vifaa peke yake ni karibu sentimita 187. Tuseme nafasi ya kwanza inaanza sentimita 10 kutoka sakafuni: eneo lililo kati ya kimo cha vidole vilivyoning'inia na kimo cha bega, ambalo mtu mzima wa wastani hufanyia kazi bila kuinama wala kunyoosha mikono juu, linaangukia takribani nafasi ya 15 hadi ya 29. Humo ndimo panapostahili vifaa vinavyoguswa mara kwa mara, kama seva ambazo diski zake hubadilishwa na swichi ambazo nyaya zake huchomolewa na kuchomekwa kila wiki.

Vifaa vizito visivyoguswa mara kwa mara, hasa betri za dharura, vikae chini. Hapo kanuni ya kiwiko inapisha kanuni ya uthabiti, kwa kuwa kabati lenye uzito juu linaweza kupinduka, na hilo ni kubwa kuliko mgongo wa mtu mmoja. Juu kabisa paachiwe vitu vyepesi. Usivute nje seva mbili nzito kwa wakati mmoja, hata kama kabati limefungwa sakafuni.

Kuhusu kunyanyua, iko fomula inayotumiwa sana, iliyotolewa Marekani na taasisi ya usalama na afya kazini ijulikanayo kama NIOSH na kurekebishwa mwaka 1991. Inaanza na kilo 23 katika hali nzuri kuliko zote: mikono miwili, mzigo umbali wa sentimita 25 kutoka kati ya vifundo vya miguu, kimo cha sentimita 75, mshiko mzuri, bila kujipinda. Kila unapoondoka kwenye hali hiyo kikomo kinapungua. Mikono ikiwa usawa wa sakafu kinashuka hadi karibu kilo 18, na ikiwa kwenye sentimita 175 kinashuka hadi kilo 16. Umbali, hata hivyo, unaumiza kuliko kimo: mzigo ukiwa sentimita 50 mbele yako badala ya 25, kikomo kinakatwa nusu. Ukiunganisha hayo mawili, yaani mikono ikiwa sentimita 175 juu na 50 mbele, kinabaki kilo 8 tu, na hapo bado hatujahesabu kujipinda wala kurudia.

Linganisha na seva ya kawaida yenye kimo cha nafasi mbili, ambayo inaweza kufika kilo 25 au 30, nayo ni ndefu kiasi kwamba kitovu cha uzito wake kinakaa mbali na kifua chako. Kwa hiyo nafasi ya 38 si mahali pa mtu mmoja, wala wawili waliosimama kwenye viti. Tumieni toroli yenye jukwaa linaloinuka, mlisawazishe na reli, kisha seva iteleze kuingia. Kama toroli haipo, chomoeni kwanza vifaa vyake vya kuingizia umeme na diski ili seva iwe nyepesi, mkiweka alama kila diski ilikotoka.

Swali: Ninahudumia viyoyozi na taa za darini. Nikishuka ngazini shingo na mabega yanawaka moto. Umri wangu umepita miaka 50 na ninavaa miwani ya lenzi mbili. Je, ni uzee? — Fundi wa viyoyozi

Jibu: Umri una sehemu yake, lakini nadhani miwani yako ina sehemu kubwa zaidi, na ngazi yako pia.

Lenzi mbili zimetengenezwa kwa mtu anayetazama karibu akielekeza macho chini, kama anayesoma gazeti. Wewe unatazama karibu ukielekeza macho juu, kwa hiyo, ili uone skrubu kupitia sehemu ya chini ya lenzi, unalazimika kukirudisha kichwa nyuma kuliko kijana aliye kando yako. Mweleze mtaalamu wa macho kazi yako kwa maneno hayo hayo. Anaweza kukutengenezea miwani ya kazi yenye lenzi ya aina moja kwa umbali wa mikono yako, au yenye sehemu ya karibu upande wa juu.

Kuhusu ngazi, mafundi wengi husimama kidato kimoja au viwili chini ya panapostahili, kisha hunyoosha mikono kumalizia umbali uliobaki. Mkono ukiinuliwa juu ya bega, kano zinazopita chini ya mfupa wa bega hubanwa, na misuli hubeba uzito wa mkono pamoja na kifaa bila kupumzika. Mwongozo uliotungwa katika jimbo la Washington, Marekani, ulihesabu kuwa ni ya kuangaliwa kazi yoyote inayompeleka mtu mikono juu ya kichwa, au viwiko juu ya mabega, kwa zaidi ya saa 2 kwa siku. Zihesabu saa zako kwa uaminifu, ukijumlisha vipande vyote vya siku.

Pandisha miguu mpaka mikono ishuke kati ya kifua na macho. Kwa ngazi ya kawaida hilo si salama, kwa sababu huruhusiwi kusimama vidato vya juu kabisa, na hapo ndipo jukwaa lenye uzio linapohitajika kwa kazi yoyote inayozidi dakika chache. Lakini bora kuliko jukwaa ni kuishusha kazi. Sehemu ya kiyoyozi inayofunguka, kama feni au bodi yake, iteremshwe na ihudumiwe mezani, na darini pabaki kazi ya kuifungua na kuirudisha tu. Waajiri huliona hili kama upotevu wa muda. Kufungua bolti 4 na kuzifunga tena huchukua dakika chache, na kazi iliyofanywa mezani huonekana vizuri, husafishwa vizuri, na hairudiwi.

Swali: Mashine za kunakili ninazozihudumia zina trei na mota karibu na sakafu. Nachuchumaa mpaka magoti yanagoma. Nifanyeje? — Fundi wa mashine za ofisini

Jibu: Nunua kigoda chenye magurudumu yanayofungika, kimo cha takribani sentimita 35. Kiwiko cha mtu aliyeketi huwa sentimita 20 hadi 25 juu ya kiti, kwa hiyo ukikalia kigoda hicho kiwiko chako kitakuwa kwenye 55 hadi 60 kutoka sakafuni, na eneo zima la sentimita 45 hadi 65 litakuwa mbele ya mikono yako bila goti kukunjwa kupita kiasi. Chini ya sentimita 30 kigoda nacho hakitoshi. Hapo piga goti moja juu ya mto mnene na ubadilishe goti kila baada ya dakika chache, au ukae sakafuni juu ya mto kama nafasi inaruhusu. Taa ya kichwani itakupunguzia nusu ya kuinama, kwa kuwa mara nyingi fundi huinama ili aone, si ili afike.

Swali: Kampuni imekubali kununua meza moja ya kupanda na kushuka. Nichague ipi? — Mnunuzi

Jibu: Usitazame kwanza inafika juu kiasi gani, tazama inashuka hadi wapi. Meza nyingi za mkasi, yaani zile ambazo miguu yake hupishana na kukunjuka kama mkasi, hata zikikunjwa kabisa, hubaki na kimo fulani, na kama kimo hicho kimeizidi toroli yenu mtalazimika kunyanyua kila mzigo kuupandisha mezani, jambo ambalo meza ilinunuliwa kuliondoa. Toroli na meza zikilingana, mzigo unateleza. Kisha iwekeeni mzigo mzito kuliko wote mnaohudumia, ipandisheni hadi kimo cha kazi, mvute spana kwa nguvu kutoka pande zote. Ikiyumba, fundi hataiamini, na asipoiamini ataishusha na kurudi kuinama. Kanyagio la kupandishia liwe rahisi kufikiwa bila kuacha kazi, kwa kuwa meza inayodai mtu azunguke upande wa pili ili kuirekebisha huwekwa kimo kimoja siku ya kwanza na haisogezwi tena. Mwisho, hakikisheni ina kizuizi cha kuilinda isianguke bomba la haidroliki likipasuka, na kwamba miguu ya mtu aliyesimama karibu haiwezi kubanwa inaposhuka.